Nilivyoigiza Mgonjwa Mbekenyera

Waliponichagua kwenda Nachingwea nilidhani nimeukata. Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, binti aliyemaliza darasa la saba pale Mbekenyera alikuwa na njia mbili, jembe na mume, na mume nilikuwa nimeshampata: kijana wa kazi kwenye ghala la korosho la chama cha msingi. Posa ilishapokelewa, harusi ikisubiri mavuno ya ufuta. Kwa hiyo ule ufadhili wa mafunzo kwa vijana wanaharakati wa afya ya jamii niliuona kama nyongeza, kitu cha kwenda nacho ukweni kifua mbele.

Tulilala bweni moja, mabinti kutoka Mandawa, Nambilanje na kwingineko, wavulana wakilala jengo la pili. Tulifundishwa jinsi ukimwi unavyoambukiza na jinsi usivyoambukiza, tukavisha mihogo kondomu mpaka aibu ikatuishia. Mkufunzi wetu, mama mmoja mcheshi kutoka Dar es Salaam, alisema wanakijiji wamechoka na hotuba, wapelekewe igizo. Nikapewa nafasi ya mgonjwa. Sikuhitaji kufundishwa. Mama yangu mdogo alifia mikononi mwangu kwa ugonjwa huohuo, na mimi ndiye niliyemwogesha na kumgeuza kitandani. Kikohozi chake, vile alivyoshika ukuta kwenda chooni, vyote nilivijua. Mkufunzi aliponiona nikivifanya alifuta machozi, nami nikavimba kichwa.

Tuliigiza kwetu siku ya gulio. Uwanja ulijaa. Nilipakwa majivu usoni na unga wa muhogo midomoni, nikatokea nyuma ya kanga nikikohoa, na watu wakanyamaza kabisa. Nilifurahi mno. Mwishoni mkufunzi alisimama akaeleza kwamba huyu binti ni mzima, anaigiza tu, akaeleza na mengine mengi, kwa Kiswahili chake cha mjini kinachokwenda mbio. Vijana walimwelewa. Akina mama wa makamo na wazee, ambao hata mawazo yao ni ya Kimwera, walishika kile walichokiona kwa macho: binti wa fulani, aliyemuuguza marehemu, anakohoa kama marehemu.

Baada ya siku chache, kisimani nikaanza kupishwa. Nilidhani ni heshima ya msomi, kumbe. Ikasemwa kwamba kule Nachingwea walichukuliwa wagonjwa tu, wakafundishwe namna ya kujitangaza. Fulana yangu yenye utepe mwekundu, niliyokuwa nikiifua jioni ili niivae tena asubuhi, ikawa ushahidi. Nani mzima anavalishwa alama? Na kweli tulivalishwa sote.

Nikapanda lori la mizigo kurudi Nachingwea, nikapima hospitali, nikaambiwa sina virusi. Mama nilimwambia wa kwanza, kisha mshenga akapeleka habari ukweni. Mama mkwe akajibu kwamba walionifundisha na walionipima ni walewale, unategemea waseme nini? Mchumba wangu alikuja mwenyewe, hilo simnyimi. Ila hakushuka kwenye baiskeli.

"Mimi nakuamini," alisema. "Lakini siishi peke yangu."

Nilimwona mwoga, na mpaka leo namwona mwoga. Alioa mwaka huohuo, tena kwa ngoma.

Nilipomweleza mkufunzi alinishika mkono, akasikitika kwa dhati. Kisha akasema kisa changu kinaonyesha jinsi igizo lilivyoigusa jamii, akaniuliza kama ningeweza kukisimulia kwenye kikao cha kufunga mradi. Nilikwenda, nikasimulia, nikapigiwa makofi. Mradi ukafungwa, gari lao likaondoka, mimi nikabakia na watu wale niliotakiwa kuwaelimisha. Nilijaribu kupita nyumba kwa nyumba kama tulivyofundishwa. Walinipa kigoda, wakanisikiliza kwa upole kama anavyosikilizwa mfiwa, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza swali. Mwisho nikaacha. Nilikuwa nimechoka, tena nilikuwa na hasira, na hasira yenyewe sikujua pa kuielekeza. Nilifika mahali nikauchukia uzima wangu, maana haukunifaa kitu. Kuna siku niliona afadhali ningekuwa naumwa kweli, angalau wangekuwa hawanionei.

Kilichonishikilia ni mama. Niliongea na nafsi yangu kila siku: wote waniite maiti, lakini yupo mtu mmoja kijijini hapa anayejua ukweli. Hatukulizungumza tena, na ule ukimya wake niliuchukua kuwa ndiyo imani yenyewe.

Ufuta ulipokauka tuliingia shambani kufunga matita, mimi na yeye peke yetu. Jua lilikuwa kali. Mama akaacha kufunga, akaniangalia, akasema kwa Kimwera, polepole, maneno ambayo bila shaka alikuwa ameyabeba siku nyingi.

"Mwanangu, mimi nilishakusamehe. Ukizidiwa nitakuuguza mwenyewe. Usiogope."

Nikakaa chini palepale. Nilitaka kuapa, nilitaka kumweleza upya damu ilivyopimwa, tangu sindano mpaka majibu. Nikamtazama. Nikaelewa kwamba msamaha ule ameupata kwa shida sana, usiku mwingi bila usingizi, na kwamba ndicho kitu pekee alichokuwa nacho cha kunipa.

Nikamwambia ahsante, mama. Uso wake ukatulia, akaokota kamba, tukaendelea kufunga.