Mkwe Mbele, Mkwe Nyuma

Tangu tumzike mume wangu, watu wanaokuja kunipa pole hunisimulia habari zake kana kwamba mimi sikumjua. Alikuwa mchapakazi, wanasema. Alikuwa mpole. Mimi naitikia, nawakaribisha ugali na mlenda. Sina maneno mengi, na shule yangu iliishia darasa la nne. Lakini yuko mume ninayemkumbuka mimi ambaye wao hawakumwona: mwanamume aliyenibeba mchana kweupe huku amefumba macho. Nikimkumbuka huyo nacheka peke yangu, na wanangu wanadhani msiba umenizidi.

Kwetu Wanyaturu, hasa zamani, mume hakutazamana na mama wa mkewe. Hawakusemeshana, hawakutajana majina, hawakula pamoja. Haikuwa chuki, ilikuwa heshima, na heshima hiyo ilikuwa rahisi wakati kila ukoo ulikaa kivyake. Kisha vikaja vijiji vya ujamaa. Tukahamishwa, tukapangwa mistari, na aliyepima viwanja alikuwa mgeni, hakuuliza nani mkwe wa nani. Mlango wetu ukatazamana na mlango wa mama yangu.

Mume wangu alipanda ua wa minyaa siku ileile, lakini minyaa haioti kwa kuombwa. Msimu mzima alitoka nyumbani kinyumenyume, na mama akitaka kufagia uwanja wake alikohoa kwanza ili ajulikane yuko nje. Mume wangu naye alikohoa kujibu. Asubuhi mtaa wetu ulisikika kama wodi ya kifua kikuu.

Wakati huo nilikuwa na mimba ya pili. Ya kwanza nilijifungulia nyumbani, na mtoto hakulia. Wanawake walimzika nyuma ya nyumba yetu ya zamani. Mume wangu alikuwa machungani, na kwa kuwa aliyekuwa nami ni mama, habari ilibidi izunguke. Mama akamwambia jirani, jirani akamwambia shemeji yangu, shemeji akangoja ng'ombe warudi. Mume wangu alipofika alikuta udongo umeshasawazishwa. Mtoto wake hakuwahi kumshika. Mimba ya pili ilipoonekana alisema mara moja tu, "Huyu tutampeleka kwa wakunga." Nami nilitaka hivyohivyo. Uchungu sikuuogopa. Niliogopa kile kimya.

Kituo cha wazazi kilikuwa kijiji cha jirani, karibu na barabara kuu ya kwenda Singida. Wakunga walikuwa wameniagiza niende mapema nikangojee kulekule. Sikwenda. Nilikuwa na mtama wa kupura, nikajiambia bado, bado. Uchungu ukanishika siku ambayo kijiji kizima kilikuwa kwenye shamba la ujamaa, na mkokoteni wa ng'ombe umekwenda hukohuko. Mtaani walibaki watu wawili wenye nguvu za kubeba mtu: mume wangu, aliyekuwa na zamu ya kuangalia ndama, na mama, aliyebaki kwa ajili yangu.

Wakafunga blanketi kwenye miti miwili, ikawa machela. Swali likawa nani akae mbele. Mama akikaa mbele, mkwe wake atautazama mgongo wake njia nzima, jambo lisilowezekana. Basi mume wangu akashika mbele, mama nyuma, mimi katikati nikitazama mawingu.

"Mwambie huyo wa mbele asikimbie, hajabeba mbuzi," mama alisema.

"Mama anasema usikimbie."

"Mwambie mama nimesikia."

"Amesikia, mama."

"Muulize, kama amesikia mbona bado anakimbia?"

Kati yao hapakuwa na umbali zaidi ya urefu wangu. Kila mmoja alisikia kila neno la mwenzake. Lakini neno lisilopita kwangu lilikuwa halijasemwa bado.

Tulifika njia panda. Kulia ni kituoni, kushoto ni bwawani kwa kunywesha ng'ombe. Miguu ya mchungaji ikaenda kushoto yenyewe.

"Mwambie siyo huko!" mama alisema.

Uchungu ulikuwa umenibana, nimeuma khanga, sina pumzi.

"Mwambie!"

Sikuweza. Tukazidi kwenda bwawani. Mama akajaribu njia nyingine. "Wewe mjukuu wangu uliyeko tumboni, mwambie baba yako kwamba wewe si ndama."

Mume wangu alisikia. Miaka mingi baadaye nilimuuliza kwa nini hakugeuka, akanijibu bila kucheka, "Mtoto mwenyewe hakuniambia."

Mama alichoka na heshima. Alikita miguu, machela ikasimama ghafla, nusura nimwagike kama uji. Kisha akageuka palepale, akaishika miti tena akiwa ametupa mgongo, akaanza kuvuta kurudi njia panda. Mume wangu alipohisi anavutwa naye akageuka kufuata, na hapo ndipo alipojikuta nyuma, uso wote umeelekea mgongo wa mkwe wake. Akafumba macho.

Sitanii. Njia ile ina mawe na visiki, naye aliitembea amefumba macho, na kwa kuwa nililala kichwa kikiwa upande wake, mimi ndiye niliyemwongoza. Uchungu ukiachia, naangalia chini pembeni, nasema, "Kisiki. Inua mguu. Sasa shimo." Uchungu ukirudi, anajikwaa.

Kituoni alitupokea mkunga Mnyiramba kutoka upande wa Kiomboi, yaani mtani wetu. Alisimama mlangoni akatutazama sote watatu.

"Mgonjwa ni nani hapa? Huyu mwanamume ni kipofu?"

"Si kipofu, ni mkwe wangu," mama alijibu.

"Aaa, Wanyaturu! Mwambie afumbue, mama, huna sura ya kuua mtu."

"Mtani, pokea mzigo. Nyie mnaosalimiana mpaka uji unapoa, leo usianze."

Walinilaza kitanda cha dirishani. Wakunga walikuwa wawili, huyo msemaji na mwenzake mtu mzima aliyefanya kazi kimya. Mama alikaa kichwani kwangu. Mume wangu alibaki nje, chini ya dirisha lilelile, ameelekea ukuta.

"Mwambie alete kuni, maji yasije yakapoa," mama alininong'oneza.

Nikainua kichwa nikapiga kelele, "Mama anasema ulete kuni!"

Mkunga akashika kiuno. "Wewe umekuja kuzaa au umeajiriwa tarishi? Nguvu hizo nazitaka huku chini!"

Nikacheka, na katikati ya kicheko uchungu ukaja mkubwa kuliko yote. "Hapohapo," mkunga akasema. "Kama ni kucheka, cheka uelekee chini."

Mtoto akatoka. Kimya.

Sijui kilidumu muda gani, na sitadanganya. Mkunga mtu mzima alimfuta mdomo, akamlaza kifudifudi mkononi, akamsugua mgongo kwa kitambaa. Yule msemaji hakuwa na utani tena. Mama alishika ukingo wa kitanda kwa mikono miwili. Nje nako hapakuwa na sauti, wala ya ukuni mmoja kugonga mwingine.

Ndipo akalia. Mwanzo ilikuwa sauti ndogo ya kukwaruza, halafu ikawa sauti ya mtu aliyekasirishwa kweli.

Nilifungua mdomo nimwambie aliye nje, sauti haikutoka. Nilikuwa nimekwisha. Wakunga walikuwa na kazi yao. Mama alinitazama, akatazama dirisha, akajifunga khanga vizuri kiunoni, akatoka. Nikasikia nyayo zake zinazunguka nyumba.

"Baba," alisema. Hakuwa amemsemesha mume wangu hata siku moja tangu anioe. "Mtoto yuko hai. Nakuambia mimi mwenyewe, na hajaambiwa mtu mwingine kabla yako."

Nilidhani amekimbia. Kisha nikasikia, "Ni yeye huyo anayelia, mama?"

"Ulitaka niwe mimi?"

Mkunga msemaji alimfunga mtoto kwenye khanga, akatoka naye, akamweka mikononi mwa mama. Mama akasema, "Mpokee binti yako." Mkunga alinihadithia baadaye kwamba mume wangu alinyoosha mikono huku uso bado uko ukutani, kama mtu anayepokea ugoro gizani.

"Mtazame, baba, utamwangusha!" nilimsikia mkunga akifoka. "Mtoto hana vishikio!"

Basi aligeuka. Kumwona mtoto hakuwezekani bila kuiona mikono iliyomshika, na mwenye mikono. Mimi pale kitandani sikuona kitu. Nilisikia tu sauti yake ya chini, isiyopitia kwa mtu.

"Mama," alisema. "Ana joto."