Shavu Langu Ukutani

Chokaa ikimwagiwa maji hutoa harufu inayokuna pua kabla hujaiona yenyewe, na kila ninapoipata harufu hiyo, hata katika uzee huu, mkono wangu hupanda wenyewe hadi kwenye shavu la kulia. Asubuhi moja ya mwaka wa Uhuru, hapa Tabora, nililiweka shavu hilo kwenye ukuta wa birika la kutawadhia la msikiti wa mtaani kwetu, nikausikia umekauka, kisha nikamwambia baba kwamba uko tayari. Niliombwa niseme hivyo, nikakubali. Ningeweza kukataa. Nilikuwa mtoto, lakini nilijua nilichokisikia, na nilijua pia kwamba baba hakuwa na namna nyingine ya kujua.

Baba alikuwa fundi wa chokaa, kama baba yake aliyefika mjini huku na misafara ya zamani, akabaki kuwajengea wafanyabiashara nyumba zao. Kazi yake kubwa ilikuwa ile lipu laini ya chokaa inayosuguliwa kwa jiwe la mtoni na kupakwa sabuni mpaka inang'aa kama sahani, na maji hayapenyi. Ndiyo iliyotumika kwenye mabirika na mabafu ya nyumba za kale. Lakini chokaa haina huruma na mikono. Ya baba ilikuwa imeungua na kuota sugu miaka mingi, migumu kama ngozi ya ng'ombe iliyoanikwa, hata akishika kikombe cha chai ya moto hashtuki. Mkono wa namna hiyo hauwezi kuujua unyevu. Na unyevu ndio kila kitu, maana ukuta mkavu huinyonya chokaa maji yake kabla haijashikana, na ukuta unaochuruzika huifanya iteleze. Kwa hiyo baba alitumia shavu langu. Nililaza uso ukutani, nikafumba macho, naye akasimama nyuma yangu na mwiko mkononi akauliza, "Rama, unasemaje?" Ukiwa sawa, ukuta hulipoza shavu bila kuacha tone. Nilikuwa namjibu, na mtu mzima yule, aliyeheshimiwa mji mzima, alikuwa anafanya kama nilivyosema.

Watu walipenda kuja kutazama siku za kusugua, kwa sababu ya ule mng'ao. Matayarisho hayakuwa na mtazamaji. Kiangazi kile tulianza kwa kubandua lipu ya zamani iliyooza, tukigonga kwa tindo mpaka matofali yakabaki wazi, kisha tukayasugua kutoa vumbi na chumvi iliyochanua kama unga. Mimi na mdogo wangu Zuhura tuliponda vigae na matofali ya kuchoma mpaka yakawa mchanga mwekundu, tukiimba na kutemeana vumbi, na baba mdogo Salehe, aliyekuwa mwenye nguvu kuliko sote, akauchanganya na chokaa iliyokwisha kulala shimoni muda mrefu. Mchanganyiko huo ulikuwa lipu ya kwanza. Baba aliupiga ukutani na kuuacha ukikwaruza kama ulimi wa paka, ili lipu ya mwisho ipate pa kung'ang'ania. Halafu tukaungoja ukomae. Ukishakomaa ndipo kazi ya maji inapoanza, asubuhi, mchana na jioni, kunyunyiza kidogo kidogo, kuuacha unywe, kunyunyiza tena. Mama alikuwa akitucheka kwamba tunaunyonyesha ukuta kuliko alivyotunyonyesha sisi.

Mwaka ule maji yalikuwa ya shida. Kisima cha karibu kilikuwa kimebaki tope, na Salehe alikuwa akibeba madebe kwa mzega, ule mti wa mabegani, kutoka mbali, jua la Oktoba likimchoma kisogoni. Wazee wa msikiti nao walikuwa wakipita kila siku, kwa sababu walitaka birika lijazwe kabla ya sherehe za Uhuru, watu watawadhe humo na kuomba dua kwa ajili ya nchi mpya. Kuta tatu zilikwenda vizuri. Ukabaki wa magharibi, ambao mgongo wake ulipigwa na jua la alasiri, na ambao hata ukinyweshwa jioni, asubuhi ulikuwa umerudi kuwa mweupe.

Asubuhi ninayoisema, baba alikuwa bado anapiga mswaki uani. Salehe alitua madebe yake, akanivuta pembeni. Timu ya mpira kutoka Kigoma ilikuwa inashuka kwa treni mchana, na mtaa mzima ulikuwa unakwenda stesheni kuwazomea.

"Rama, leo tukimaliza ukuta huu, nakupeleka. Nakubeba mabegani, uwaone vizuri."

"Na kama haujawa tayari, baba mdogo?"

"Haujawa tayari kwa nani? Jana umekunywa madebe mangapi? Hata ngamia angeshiba." Akacheka, akafuta jasho. "Wewe sema tu uko tayari. Kaka ataamini. Shavu si lako?"

Sikumlaumu wakati ule na simlaumu leo. Alikuwa amechoka, na shingo yake ilikuwa imechubuka kwa mzega. Lakini aliponiambia shavu ni langu, alisema kweli kabisa. Baba alikuja, akasimama nyuma yangu kama kawaida. Ukuta ulikuwa wa vuguvugu. Ulilishika shavu langu kama ulimi mkavu, ukaniachia vumbi. Baba akauliza unasemaje, nami, nikifikiria mabega ya Salehe na moshi wa treni, nikasema, "Tayari, baba." Nililifuta lile vumbi kwa kiganja kabla sijageuka.

Alipiga lipu ya mwisho siku hiyo hiyo. Nakumbuka aliguna mara moja, kwa sababu chokaa ilikuwa inakauka upesi chini ya mwiko, akaniangalia, kisha akaendelea. Alisugua kwa jiwe lake jeusi, baadaye akapaka sabuni ya mawese iliyotoka upande wa Ujiji, akasugua tena. Mchana nilikuwa stesheni, juu ya mabega, nikizomea pamoja na wengine. Sikumbuki uso wa mchezaji hata mmoja.

Birika liliachwa likauke mpaka siku ya mkesha wa Uhuru. Vijana walilijaza asubuhi kwa pipa la mkokoteni, na watu walipofika kwa swala ya adhuhuri, wamevaa kanzu mpya na wengine wameshika bendera ndogo za karatasi, maji yalikuwa yameshuka hadi magotini, na ua mzima umekuwa tope. Ukuta wa magharibi ulikuwa na nyufa nyembamba kama nywele, zimetambaa pande zote.

"Fundi," mzee mmoja wa mtaani akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia, "tulikuomba birika, umetupa chujio!"

Watu wakacheka. Mwingine akaongeza kwamba labda chokaa nayo imepata uhuru, haitaki tena kutawaliwa na ukuta. Baba alisubiri kicheko kiishe, akasema, "Nimekosea mimi. Nitarudia kwa jasho langu." Salehe alikuwa akitazama chini. Mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya nguzo, nikiomba asiniite.

Aliniita sherehe zilipokwisha, tukiwa peke yetu mle ndani ya birika. Akaichomeka ncha ya mwiko kwenye ufa, akaibandua lipu. Ilitoka pande zima, kama ukoko unavyotoka kwenye chungu, na nyuma yake lipu ya kwanza ilikuwa kavu, haikushikwa popote. Akalishikilia lile pande mbele ya macho yangu. "Ulikuwa umekauka," akasema. Halikuwa swali, lakini alisubiri jibu. Nikasema, "Ulikuwa tayari, baba." Hakunipiga. Alilitua lile pande chini taratibu, kama mtu anayetua chombo cha mwenzake, akaniambia nikachote maji.

Tuliunywesha ukuta upya kwa siku nyingi. Asubuhi aliporidhika na muda uliopita, nilitua debe langu, nikasogea kuweka uso. Baba akanipita. "Zuhura," aliita, "njoo, mama." Zuhura akaja akikimbia, mikono bado na unga wa vigae, akalaza shavu lake dogo ukutani na kufumba macho. "Unasemaje?" baba akamwuliza. Akasema, "Bado, baba." Na baba, ambaye wazee walikuwa wakimngoja nje, akauweka mwiko chini.

Mimi nilisoma. Nilimaliza sekondari, nikawa karani wa ushirika mjini, na wakati wa Ujamaa nilipata kufuatana na wageni kwenda kuona kijiji kipya upande wa Isikizya. Saruji haikuwa ikipatikana madukani, kwa hiyo kijiji kilikuwa kimemwita baba awajengee tangi la maji ya mvua la shule. Nilimkuta Zuhura ndani ya tangi, mtoto mgongoni, uso umelala ukutani. Nikatoa shikamoo. "Marahaba," baba akajibu, "karibu, karani." Kisha akamgeukia Zuhura, wakaendelea na kazi. Kwenye tangi lile watoto bado wanachota maji. Kwangu Ipuli nina bafu la vigae vya dukani, na ukungu umepanda ukutani kwake tangu mwaka wa kwanza. Juzi mjukuu wangu alinionyesha kwenye simu mafundi wa Moroko wakisugua chokaa kwa jiwe na sabuni, vile vile kama sisi, na watu wa mbali wakiwasifu. Akaniuliza kama nami naijua kazi hiyo. Nilimwambia naujua mwanzo wake tu.

Baba aliishia kuwa kipofu, chokaa ilimaliza macho yake kama ilivyomaliza mikono. Katika siku zake za mwisho nilikuwa nimekaa karibu na kitanda, Zuhura amekwenda kisimani. Akauliza kama mvua imenyesha. Nikamjibu bado, baba, mawingu tu. Akafumba macho, nikadhani amelala. Zuhura alipoingia na ndoo yake, baba alifumbua macho yasiyoona, akamwuliza yeye swali lile lile, naye akamjibu bado, baba, mawingu tu. Ndipo baba akageukia ukuta, akalala. Kwa ajili ya mchana mmoja stesheni nilipoteza ufundi wa babu na baba, lakini hilo ningelivumilia. Nilichopoteza hasa ni kuaminiwa na baba yangu, na alikufa bila kunirudishia, kwa sababu sikumwambia kamwe kwamba ukuta ulikuwa umekauka.