Ovaroli Kumi na Mbili

Dobi wa mtaa wetu husalimiana na doa kabla ya kumsalimu mwenye nguo. Hulikwaruza kwa ukucha, hulinusa, kisha hutaja lilikotoka: mchuzi, wino, rangi ya mdomo isiyo ya mkeo. Sauti yake haipandi hata pasi inapomuunguza. Jumatatu kampuni ya mafuta, mteja wake mkubwa kuliko wote, ilitangaza redioni kwamba kwenye kisima chake halikumwagika hata tone, na mto ni salama. Jumanne dereva wao akashusha ovaroli kumi na mbili, nyeusi tititi hadi kiunoni, zifuliwe kabla wakaguzi hawajafika. Dobi akanusa moja.

“Mafuta ghafi haya.”

“Mzee, usinitie matatani. Wewe fua tu.”

“Nifue nini, mwanangu? Redio imesema hakuna kilichomwagika.”

“Utaikosa kazi yetu!”

“Mto nimeshaukosa. Na maji ya kufulia nilikuwa nachota humo humo.”

Akazianika zote zilivyo, kwenye kamba ya barabarani watakapopita wakaguzi, akiunyoosha kila mguu kwa uangalifu ule ule anaoyapa mashuka ya maharusi.