Mzizi Niliompa Skolastika

Kaa karibu, mwanangu. Jambo hili wanawake tunaambiana kwa sauti ya chini, ndiyo maana wengi hulisikia wakiwa wamechelewa.

Nakumbuka msimu mmoja wa kahawa, miaka ile wanunuzi binafsi walipoanza kupanda milima kuja huku kwetu Umatengo. Tulichuma tangu ukungu haujaondoka, tukiimba; hadi leo harufu ya kahawa mbichi hunirudisha kule. Kila mwezi, nikiwa kwenye siku zangu, tumbo lilinilaza chini. Bibi yangu akanichimbia mzizi, nikauchemsha nikanywa, maumivu yakatulia. Basi nikajiona mganga.

Siku moja shambani rafiki yangu Skolastika, aliyekuwa ameolewa mwaka ule, akainama ameshika tumbo.

"Ni siku zako?" nikamuuliza.

"Zimechelewa. Nadhani ndiyo zinakuja."

"Ninao mzizi wa Bibi nyumbani. Kesho utacheza ngoma."

"Nicheze na nani, na mume wangu anashinda kilabuni?"

Tukacheka. Jioni akanywa vikombe viwili.

Asubuhi nilimkuta amepauka, maumivu yamehamia upande mmoja, akiinuka anaona kizunguzungu. Nikamkimbilia Bibi.

"Mara ya mwisho aliziona siku zake lini?"

"Sijui, Bibi."

"Mimi huuliza kabla ya kushika jembe. Wewe umebeba mzizi, maswali umeyaacha kwangu. Huyo si wa mizizi. Waite wanaume watengeneze machela."

Walipokezana vilimani hadi hospitali. Mimba ilikuwa imetunga nje ya kizazi, damu ikimvuja ndani kwa ndani. Alipasuliwa siku ileile, akapona, na baadaye akazaa. Mzizi wangu haukuleta ugonjwa ule, ila ulitupotezea usiku mzima, na muda kidogo zaidi tungemzika.

Mwanangu, siwadharau wazee wetu wala dawa zao, zimenituliza mimi. Lakini matumbo mawili yanaweza kuuma sawa, na sababu zikawa mbali kama mlima na ziwa. Usimpe mwenzako dawa uliyopewa wewe. Wala usione haya kusema, maana mficha uchi hazai.

Mungu akujalie afya na wenzako wa kukubeba siku ya shida. Siku zako zikichelewa, kisha tumbo likakuuma upande mmoja au ukaona kizunguzungu, nenda hospitali siku hiyohiyo. Na kama umeshakunywa dawa yoyote, mwambie muuguzi ni ipi.