Farasi Niliyempeleka Ukweni

Wazungu wenye maduka walipoondoka Kalemie, serikali ya Zaire iliwagawia wananchi mali zao. Aliyepewa duka la karibu na karakana yetu ya reli aliuza sukari, akauza vitambaa, akauza mpaka rafu. Kilichobaki ni farasi mmoja mzee, amefungwa nyuma ya bohari, akitafuna katoni tupu. Nilimpita asubuhi nikienda kazini na jioni nikirudi, na kila nilipompita nilitukana kimoyomoyo, sijui nikimtukana nani.

Siku moja niliingia dukani nikamwomba. Yule bwana alicheka mpaka akashika tumbo.

"Chukua, Papa. Lakini utamuzika weye mwenyewe."

Mbavu zilikuwa zinahesabika, jicho la kushoto limefunikwa na ukungu, kwato zimerefuka na kupinda. Mke wangu alipotuona tunaingia uani aliweka mwiko chini.

"Papa, batoto habajashiba, unatuletea kinywa kingine?"

Alikuwa na haki. Lakini jioni ileile ndiye aliyeloweka pumba za mahindi kwenye beseni, maana meno ya farasi yalikuwa yamekwisha na majani makavu yalimshinda. Mimi ni fundi wa vyuma. Kwato nilizipunguza kwa tupa ya karakana, kidogo kidogo. Mwanzoni alinipiga teke. Baadaye ilitosha nimguse goti tu, akainua mguu mwenyewe, akanipa, na kuniegemea kwa uzito wake wote. Nilimpenda. Sioni haya kusema, ingawa karakana nzima walinicheka na kuniita mume wa farasi.

Nafuu hiyo haikudumu. Huku ziwani kuna mbung'o, nao walimwuma, akaanza kukonda tena na kusinzia amesimama. Daktari wa mifugo alimfunua kope, akatikisa kichwa. Asipopandishwa milimani kwenye baridi, pasipo mbung'o, mwezi ule hataumaliza.

Milimani, juu ya Moba, nilikuwa na baba mkwe. Ujana wake wote alichunga ng'ombe wa Wazungu huko, yeye akiwa juu ya farasi. Katika kijiji kizima ndiye pekee aliyejua farasi ni mnyama wa namna gani. Nikaamua kumpelekea, azeeke naye.

"Tuma neno mbele," mke wangu aliniambia. "Kwetu mukwe akifika na munyama kwenye kamba, ni wa kuchinjwa. Bajue kwanza kama huyu ni wa kufuga."

Nilimjibu kwa hasira kwamba barua itasubiri boti wiki mbili, na farasi hana wiki mbili. Neno nitalisema nikifika. Haraka haraka haina baraka: ndivyo ninavyowaambia watoto wangu, na wao hawanisikii vilevile.

Tulipanda boti la mizigo, mke wangu, mimi, na farasi katikati ya magunia ya chumvi. Alisimama njia nzima, pua yake begani mwangu. Tulipotia nanga Zongwe watu walikuja ufukweni kumtazama, na mvuvi mmoja akauliza kama huyu si pundamilia aliyefuliwa mara nyingi. Tulicheka sana. Kutoka Moba tulipanda kwa miguu siku tatu, taratibu, tukipumzika kila alipotaka. Kadiri baridi ilivyozidi ndivyo alivyochangamka. Siku ya tatu alianza kung'oa majani mabichi njiani na kunitangulia.

"Unaona?" nikamwambia mke wangu. "Amejua kwao."

Kabla hatujaziona nyumba tulisikia kilio. Baba mkwe alikuwa amezikwa jana yake. Mke wangu alitupa mzigo akakimbia. Mimi nikabaki na kamba mkononi mbele ya watu wote wa matanga, watu waliokuwa wamelia siku mbili kwa ugali na mboga za majani tupu. Shemeji yangu mkubwa akanyanyuka. Huyu ndiye aliyekuwa akinisema kila tulipokutana kwamba nilimchukua dada yake kwa mbuzi wawili na blanketi. Alinijia, akapiga magoti, akaipokea kamba kwa mikono miwili.

"Mukwe wetu amekuja! Hakukuja mikono mitupu! Sasa Baba atalala vizuri!"

Wanawake wakapiga vigelegele katikati ya kilio. Nikaletewa kiti. Maneno manne yangetosha: huyu ni wa kufuga. Nilimtafuta mke wangu kwa macho. Alikuwa chini kati ya wanawake wenzake, ameacha kulia ghafla, ananitazama. Nikasema moyoni, nikimwaibisha leo, kwenye matanga ya baba yake, hatanisamehe. Nikakaa.

Vijana wanne walimpeleka kando ya ghala. Mmoja aliinama ili amfunge miguu, mkono wake ukamgusa goti. Farasi akainua mguu, akampa.

"Ona, munyama mupole," yule kijana akasema.

Farasi aligeuza shingo kunitafuta, lakini kiti changu kilikuwa upande wa jicho bovu. Nami sikuinuka.

Kidari ni cha mkwe, na mkwe hupewa wa kwanza. Nilikula. Nyama ilikuwa ngumu, wazee walikuwa wakinitazama kwa heshima ambayo sikuwahi kuipata katika nyumba ile, na ukweli ni kwamba heshima ile niliipenda. Najichukia kwa hilo kuliko kwa yote.

Miaka mingi hatukulizungumza. Nilijiambia kwamba nilifanya vile kwa ajili ya mke wangu, na kwa kuwa nilijiambia mara nyingi, nikaamini. Juzijuzi, tumeshazeeka, tulikuwa uani tunachambua maharage, nikalitoa.

"Siku ile nilinyamaza kwa ajili yako, Mama."

Aliendelea kuchambua. Alitupa kijiwe, akatupa kingine.

"Miye niliacha kumulilia Baba ili nisikie ukisema," akajibu. "Baba alipenda farasi kuliko batu. Ungesema neno moja, ningesimama nawe mbele yao bote. Nilikungojea, Papa, mpaka ukakaa kwenye kile kiti."