Kufuta Mdomo Dakani

Nyumbani kwetu Amu, mtoto hakuvuka daka, kile kibaraza cha mlangoni, kabla hajafuta mdomo. Kila asubuhi tukienda chuoni kusoma Kurani, nyanya alisimama pale akitutazama mmoja mmoja tukipitisha kiganja midomoni. Maana yake, mambo ya nyumbani yamebaki nyumbani. "Maneno ya nyumba hayatembei ndiani," alikuwa akisema, yaani hayatoki njiani. Mimi nilikuwa fundi wa jambo hilo. Nilifuta mpaka midomo ikaniwasha, na nilipenda kusifiwa, Mungu anisamehe.

Mdogo wangu alikuwa na miaka saba, mimi kumi na mbili. Domo kaya yule, akizungumza hata na kuku.

Miaka ya hamsini ikianza, tulipata mgeni kutoka Kiwayu, jamaa ya baba, mtu wa tasbihi na salamu ndefu. Akapewa sabule, chumba cha wageni cha juu. Kila alasiri mdogo wangu alitumwa kumpelekea kahawa. Baada ya siku chache akaanza kukataa. Akamwaga kahawa ngazini makusudi, akachapwa. Akasema tumbo linamuuma, akapewa habasoda, akatumwa vilevile.

Asubuhi moja akanivuta leso pale dakani. "Dada, yule mgeni hunishika, nami sitaki. Amesema ni siri yetu, nikisema..."

Nilimziba mdomo kwa mkono wangu mwenyewe. "Futa," nikamwambia. "Wataka nyanya akusikie ukimsema mgeni?" Akafuta. Hakulia. Laiti angelia!

Mwezi mzima ukapita. Siku nyanya alipopanda sabule bila hodi akajionea kwa macho yake, mgeni aliondoka kabla ya magharibi. Na mnajua alivyoondoka? Alifungiwa mkate wa mofa wa kula safarini! Majirani wakaambiwa ameitwa kwao. Watu wazima wakaiita hiyo sitara. Wallahi, mpaka leo nikiukumbuka mkate ule hasira hunipanda. Sitara ya nani? Mtoto hakuna aliyemwambia kwamba kosa si lake. Mficha maradhi, mauti humuumbua, ndivyo tusemavyo, lakini kwetu walioficha walikuwa wengine na aliyeumia mwingine. Yule domo kaya wetu akawa mtu wa "naam" na "la" tu.

Mwisho wa miaka ile, nami nimeshaolewa, nilisimama dakani pale pale na binti yangu wa miaka minne. Alikuwa amewaona wakubwa, naye akainua kiganja. Nikamshika mkono kabla haujafika.

"Wewe usifute mdomo. Mwili huu ni wako. Mtu akikushika usivyopenda, piga kelele, hata awe mjomba, hata awe mwalimu. Na ukiambiwa usimwambie mama, basi hilo ndilo la kuja kuniambia kwanza. Sitakupiga."

Mdogo wangu alikuwa ameketi nyuma yetu akichagua mchele. Nikasikia ungo umetulia.

"Dada," akasema, "na mimi niseme?"

Machozi yalinitoka. "Sema, mamangu. Sema yote."

Akafungua mdomo. Nikamngoja, na mtoto naye akamngoja. Kisha mkono wake ukapanda wenyewe, akafuta midomo, akarudi kwenye mchele.