Springi hai nilizoziona ndani ya kome wa cucu

Wakuu, nawasalimu kutoka Runyenjes, mvua imetufungia ndani. Haya ni ya kweli tupu. Mkitaka kucheka, chekeni.

Nilimaliza digrii ya microbiology, sasa najitolea kwenye maabara ya kliniki ndogo. Mimi huwaza kupita kiasi. Nikipiga chafya mara mbili, nishajipa ugonjwa.

Juzi nilimtembelea cucu, nyanya yangu, kule Mbeere karibu na bwawa. Yeye huokota kome, wale wa magamba mawili. Anawapasua kwa kisu, nyama anawapa bata, magamba anawapondea kuku.

Nikabeba kome mmoja, mzima, kwa chupa ya maji ya bwawa. Udadisi tu.

Nilipomfungua kule maabara, tumboni kulikuwa na kijiti laini kinachong'aa kama kioo. Nikaweka kipande kwenye microscope.

Wakuu, kilikuwa kimejaa viumbe hai.

Bakteria warefu, wamejikunja kama springi, wanapita mbio huku wakizunguka. Wakikwama wanarudi kinyumenyume, hata hawageuki.

Halafu hofu ikanishika. Darasani, springi nilizokariri zilikuwa za magonjwa: kaswende, homa ya panya. Na siku ile cucu alikuwa amejikata kidole kwa kisu kilekile cha kupasulia kome!

Nikampigia.

"Cucu, una homa?"

"Niko na njaa. Kwani umeota nimekufa?"

"Usiguse kome tena!"

"Na bata nitawapea digrii yako?"

Nikatuma video kwa lecturer wangu wa zamani. Jibu lilichelewa, nikamaliza kucha zote.

"Hizo ni Cristispira. Makao yao ni hicho kijiti, ambacho humsaidia kome kusaga chakula. Hazijulikani kudhuru mtu. Hata kuzikuza maabara imeshindikana. Mwambie nyanya aoshe kidonda, kama kidonda chochote. Kijana, kwani kila kilichojikunja ni kaswende?"

Nikakimbilia microscope. Kijiti kilikuwa kimeyeyuka. Hakuna kitu! Nilikuwa nimeitumia nafasi yote kuogopa.

Jumamosi cucu akaja kliniki mwenyewe, kidole kimepona, na kome hai ndani ya jerikeni. Nikampasua mmoja, nikaweka kipande cha kijiti. Cucu akainama kwenye microscope, akatazama.

"Wamekuwa humu siku zote nikikatia bata?"

"Ndio, cucu. Unajua, kisayansi hawa..."

"Nyamaza kwanza. Naona."

Nikamsogezea kiti, nikamwachia microscope. Hilo ndilo somo langu, wakuu: nilitafuta ugonjwa kabla ya kutazama.

Wewe ni kitu gani kilikutisha, kumbe kilikuwa maajabu? Shusha hapa chini.